Pedali tano na ampu moja: kisa cha mpiga solo wa Moshi

Mpiga solo mmoja wa Moshi alikuwa na shilingi 800,000, gitaa moja la aina ya Stratocaster na pedali tano, yaani visanduku vya kubadili sauti vinavyokanyagwa kwa mguu. Alitaka ampu (kikuza sauti) ya mtumba ya kupigia kanisani Jumapili na kwenye sherehe za Jumamosi, na alishaamua iwe ya transista, si ya vali (zile taa za kioo za zamani). Aliniita nimsaidie kuchagua kwa kuwa mimi hupiga gitaa na pia hufungua vifaa hivi hapa Arusha. Nakieleza kisa chake kwa urefu kwa sababu naipenda sana sauti ya gitaa inapotoka bila kukwaruza, na inaniuma kuona kijana anatoa akiba yake yote kwa sanduku ambalo likikutana na dramu linapasua sauti.

Matangazo ya ampu za mtumba hutaja wati, idadi ya efekti zilizomo ndani na jina la kampuni. Kwa mwenye pedali zake, hayo yote hayamsaidii sana. Anachohitaji kujua ni hiki: ampu ikifunguliwa hadi isikike juu ya dramu na besi, sauti safi inabaki safi? Na ikishafika hapo, bado ina nafasi ya kupokea pedali inayosukuma kwa nguvu? Chaneli ya distosheni (mkwaruzo wa makusudi) iliyomo ndani ya ampu, hata ikiwa nzuri kiasi gani, kwake ni kitu cha ziada. Distosheni anayo miguuni.

Pedali zake zilikuwa tyuna (ya kulinganishia nyuzi), ovadraivu ya Boss SD-1 (mkwaruzo mwepesi), distosheni ya Boss DS-1, korasi (ya kuipanua sauti) na dilei (ya kuirudia), kwa mpangilio huo kutoka kwenye gitaa. Mpangilio ulikuwa sawa na sikuugusa. Aliniuliza kama ni lazima ampu iwe na matundu ya kutuma na kurudisha efekti nyuma yake, maana alisikia dilei haifai kuingia mbele. Hilo linamhusu mtu anayetumia distosheni ya ampu: dilei ikitangulia, marudio yake nayo yanachafuliwa. Yeye distosheni yake iko kwenye pedali, na dilei inakuja baada yake. Kila kitu kiingie mbele tu. Tukaliondoa sharti hilo kwenye orodha, na hapo hapo uchaguzi ukapanuka.

Kuhusu transista nilikubaliana naye kabisa. Vali huchakaa na lazima zibadilishwe, na kuzipata Moshi si jambo la kutembea hadi dukani. Hazipendi kurushwarushwa nyuma ya Noah kutoka ukumbi hadi ukumbi. Sifa kubwa ya vali ni jinsi zinavyolainisha sauti zinapozidiwa, na mtu anayetaka ampu isizidiwe kamwe anailipia sifa hiyo bila kuitumia. Tena sauti anayoitafuta si ngeni kwenye mkoa huu. Ndugu Wilson Peter na George Peter Kinyonga walipita Arusha na bendi ya Arusha Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya kuhamia Kenya na kuunda Simba Wanyika. Magitaa yao yanayojibizana yanasikika uzi kwa uzi. Mpiga solo wangu anapiga nyimbo za sifa, lakini mkono wake umelelewa na dansi, na mkono wa namna hiyo unataka kila noti isimame peke yake.

Nafasi kabla ya kupasuka

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Gitaa lenyewe hutoa umeme mdogo, sehemu ndogo tu ya volti moja mkono ukiwa wa kawaida. Pedali inayotumia betri ya volti 9, kitufe chake cha sauti kikifunguliwa, inaweza kutoa volti kadhaa. Ndani ya ampu nyingi za transista, hatua ya kwanza ni saketi ndogo inayokuza umeme huo, yaani ishara, nayo mara nyingi hulishwa na volti 15 chanya na 15 hasi. Haiwezi kutoa zaidi ya hapo, na kwa kweli huishia chini yake kidogo, kama volti 13. Tuseme hatua hiyo inakuza mara kumi. Basi ishara inayozidi volti 1.3 ikiingia, kilele chake kinakatwa kama kwa kisu. Vali zingekizungusha kilele hicho taratibu, lakini transista hukikata papo hapo, na sikio linasikia mkwaruzo mkavu ambao mpigaji hudhani unatoka kwenye pedali yake.

Ndiyo maana ampu mbili zenye wati sawa zinaweza kuipokea pedali moja kwa namna tofauti kabisa. Moja ina nafasi kubwa mlangoni, nyingine haina. Baadhi ya ampu zina matundu mawili ya kuingizia, moja la ishara ndogo na jingine la ishara kubwa. Watu hulidharau hilo la pili kwa sababu sauti yake ni ndogo. Kwa mtu wa pedali, tundu hilo ni zawadi: linapunguza ishara kabla haijafika kwenye hatua ya kwanza, na nafasi inaongezeka.

Mlango wa pili wa kupasuka ni upande wa mwisho, kwenye transista kubwa zinazosukuma spika. Hapo ndipo wati zinapohesabika, ila si kwa namna wauzaji wanavyozihesabu. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji takribani desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kutoka wati 30 hadi wati 80 ni desibeli 4 na kitu. Wakati huohuo, spika moja inaweza kuizidi nyingine kwa desibeli 3 au 4 kwa wati ileile moja. Ampu ndogo yenye spika ya inchi 8 au 10 ya bei nafuu inapoteza mara mbili, kwenye wati na kwenye spika. Kwa bendi yenye dramu halisi ukumbini, nilimwambia mpiga solo atafute wati 60 hadi 100 na spika ya inchi 12, na asihofu kwamba atawaziba watu masikio. Wati hizo si za kupigia kelele. Ni za kubaki safi.

Mwenye bendi, mzee wa heshima zake, alikuwa na wazo la kuokoa pesa: kijana achomeke pedali moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) ya kanisa. "Shikamoo mzee," nilimwambia, "naomba kwanza tusikilize pamoja." Kwa sauti safi ilikubalika. Distosheni ilipowashwa, spika za kanisa zilitoa kila kitu hadi juu kabisa, kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Spika ya gitaa haifanyi hivyo kwa sababu yenyewe huzizima sauti za juu, kuanzia karibu Hz 5,000 (mitetemo kwa sekunde) kwenda mbele, na DS-1 imeundwa ikitegemea kuzimwa huko. Mzee alisikia tofauti kabla sijamaliza kueleza. Akasema, "Basi mwanangu, tafuteni hiyo ampu."

Ampu nne

Tulipata nne za kuangalia kati ya Moshi na Arusha.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, wati 30, spika ya inchi 10, efekti kibao za kidijitali ndani, bei 350,000, kwa muuzaji wa Moshi karibu na Mbuyuni. Ilikuwa nzima na safi, na kwa kufanyia mazoezi chumbani ningeisifia. Tulipofungua sauti hadi kiwango cha bendi, hata kabla ya pedali, sauti ya nyuzi nene ilianza kupasuka. Hatukukaa.

Ya pili ilikuwa Roland JC-120, katika duka la vifaa vya mtumba vya Japani hapa Arusha, upande wa Ngarenaro. Kijana alipoiona alinyamaza, na namwelewa. Ampu hii ilitoka mwaka 1975 na hadi leo studio na kumbi nyingi duniani huitumia pale inapotakiwa sauti safi. Ndani yake kuna ampu mbili za wati 60, kila moja na spika yake ya inchi 12, na korasi yake hutokea hewani kati ya spika hizo mbili. Korasi hiyohiyo ndiyo iliyotolewa mwaka uliofuata kama pedali ya Boss CE-1. Kwa pedali za dilei na korasi, sijui ampu ya transista inayonipendeza zaidi. Kwa distosheni kali ina ubishi: sauti zake za juu ni za wazi mno, na mtu lazima ashushe kitufe cha toni cha pedali na kuzima swichi ya mng'ao.

Bei ilikuwa 1,600,000, kwa hiyo mazungumzo yangeishia hapo. Lakini nataka kuisema habari ya umeme wake, kwa sababu vifaa vya Japani vinaingia kwa wingi na jambo hili linaua ampu nzuri.

Kibao cha nyuma kilisema volti 100. Sisi tuna volti 230. Muuzaji alikuwa ameiwasha kwa transfoma ya kawaida ya kushushia, ile inayoandikwa 220 kwenda 110. "Kaka, mbona inawaka vizuri?" aliuliza, na ni kweli ilikuwa inawaka. Transfoma ya namna hiyo hugawa mara mbili: ukiipa 230 inakupa 115. Kwa kifaa cha Marekani cha volti 120 hiyo ni sawa kabisa. Kwa kifaa cha volti 100 ni asilimia 15 juu ya kilichoandikiwa, kila siku, kila saa, na usiku umeme unapopanda inazidi. Transista zinapata joto, na kapasita (vihifadhi umeme) zilizo karibu na kikomo chake zinazeeka upesi. Dawa ipo: transfoma ya 230 kwenda 100, na mafundi wanaosuka mota na transfoma mjini wanaweza kuisuka ukiwapa volti na wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa. Agiza yenye uwezo wa angalau mara mbili ya wati hizo. Kwa upande mmoja mali ya Japani ina nafuu: nchi ile ina Hz 50 mashariki na Hz 60 magharibi, hivyo vifaa vyao vimeundwa kukubali zote. Kifaa cha Marekani kilichoandikwa Hz 60 peke yake, ukikipa Hz 50 za kwetu, transfoma yake ya ndani hufanya kazi kwa joto zaidi hata kama volti umezishusha sawasawa. Kibao cha nyuma kisomwe hadi mwisho.

Tulimweleza muuzaji. Aliichomoa palepale, jambo lililonifurahisha.

Ya tatu ndiyo iliyonitia hofu. Ilikuwa ya Marekani, wati 100, spika mbili za inchi 12, bei 650,000, nyumbani kwa familia moja ya Shanty Town, Moshi. Mama mwenye nyumba alikuwa mkarimu: "Karibuni wanangu, washeni mjionee." Kwa karatasi, hii ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote kwa pesa ya kijana. Ilipowashwa bila kitu chochote kuchomekwa, ikavuma.

Mvumo una maana, na mpiga gitaa anaweza kuusoma bila kipimo. Bonyeza freti ya tatu kwenye uzi mnene kabisa: hiyo ni G, Hz 98. Umeme wetu ni wa Hz 50, na ukishageuzwa ndani ya ampu masalia yake huwa Hz 100, juu kidogo tu ya noti hiyo. Kama mvumo wa ampu isiyochomekwa kitu unakaa karibu na G hiyo, shuku kapasita kubwa za kuchuja umeme. Hukauka kwa umri, hasa zikishapita miaka ishirini. Kama uko oktavu moja chini, karibu na Hz 50, shuku ethi (waya wa kufunga ardhini) au waya unaookota umeme mahali. Kabla ya hapo hakikisha gitaa limechomolewa, kwa sababu koili za kunasia sauti za Stratocaster nazo huvuma zenyewe zikikaribia transfoma. Ampu ya mama ilivuma pale kwenye G, kwa sauti, na kitufe cha sauti kikiwa sifuri. Kapasita, basi. Hilo linatengenezeka kwa pesa ya kawaida.

Kilichonifanya niseme hapana ni plagi. Ilikuwa ya Kimarekani ya pini tatu, na pini ya ethi ilikuwa imekatwa kwa koleo. Nyuma yake, transfoma ya kushushia yenye matundu mawili tu, isiyopitisha ethi. Kwa hiyo chuma chote cha ampu hakikuwa kimefungwa ardhini, na nyuzi za gitaa zimeunganishwa na chuma hicho. Fikiri hatari yenyewe. Kijana ameshika nyuzi, anasogea kuimba, mdomo unagusa maikrofoni ambayo imefungwa ethi kupitia mikisa. Hitilafu ndogo ndani ya ampu, na umeme unapita mkononi, kifuani, mdomoni. Wapiga gitaa wamekufa jukwaani duniani kwa njia hii. Aliyeikata pini ile bila shaka alitaka kuondoa mvumo, na mvumo wa kuzunguka kwa ethi kweli huondoka ukikata, lakini unabaki na mtu ambaye mwili wake ndio ethi. Mvumo wa aina hiyo huondolewa kwa kulisha jukwaa zima kutoka soketi moja, ampu na mikisa pamoja, au kwa kisanduku cha DI (cha kuunganishia kifaa na mikisa) chenye swichi ya kukata ethi ya waya wa ishara peke yake. Ethi ya umeme haikatwi. Nilimwomba mama asiiuze kabla fundi hajaweka plagi nzima na transfoma yenye pini ya ethi, na nikamwandikia vitu vya kununua.

Ningeweza kuinunua na kuitengeneza mwenyewe? Ndiyo. Lakini kapasita, transfoma ya maana, plagi, na kazi, zingeifikisha juu ya laki nane, kwa kifaa cha Hz 60 ambacho kijana hangeweza kukiuza tena kwa urahisi. Sikuona sababu.

Ya nne

Iliyobaki ilikuwa Peavey Bandit 112, Arusha, upande wa Sakina, kwa kaka ambaye bendi yake ilikuwa imesambaratika. Alitaka 750,000. Toleo lake lilikuwa lile liitwalo TransTube, la miaka ya 1990 na kuendelea, wati 80 kwa spika yake ya omu (kipimo cha ukinzani) 8 na wati 100 ukiongeza spika ya nje na kufika omu 4. Kibao cha nyuma: volti 230, Hz 50. Plagi ya pini tatu za mraba, nzima.

Bandit haina utukufu wa JC-120. Imepigwa na watoto wa shule, na makanisa, na bendi za baa, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa sababu hiyo watu huiona ya kawaida. Mimi naiheshimu kwa mambo mawili yanayomhusu mtu wa pedali. Ina matundu mawili mbele, moja la ishara kubwa. Na ndani yake kuna transista za kawaida na nafasi ya kutosha kupitisha mkono, kwa hiyo fundi redio mzuri wa Arusha au Moshi anaweza kuitengeneza kwa mita ya kupimia umeme na chuma cha kuchomea risasi. Ampu mpya nyingi za kidijitali zikifa, bodi nzima hutupwa, na bodi yenyewe haipatikani hapa.

Upimaji ulifanyika nyumbani kwa muuzaji, kisha tukamwomba turudi jioni siku ambayo mpiga dramu angekuwepo. Nilisisitiza hilo la dramu. Ampu inayopimwa peke yake sebuleni inasifiwa bure.

Kwanza bila gitaa: sauti zote juu, sikio karibu na spika. Mluzi mdogo wa "sss", hakuna mvumo. Kuwasha na kuzima: mshindo mdogo, spika haikusukumwa nje. Kisha nikazima, nikapima spika kwa mita: omu 6 na nusu, na kwa spika ya omu 8 hiyo ni sawa, kwani usomaji wa mita huwa chini kidogo ya jina. Nikawasha tena na kupima volti za moja kwa moja kwenye waya za spika bila ishara yoyote: milivolti chache. Kipimo hiki hakichukui dakika moja na kinafaa kuliko maneno yote ya muuzaji. Kikisoma sehemu ya kumi ya volti na zaidi, uliza maswali; kikisoma volti nzima, transista za mwisho zinavuja na spika iko njiani kuungua. Nikagonga kisanduku kwa ngumi polepole upande wa rivabu (mwangwi wa springi), springi zikalia kama inavyotakiwa, na hakuna kilichokatika. Nikatikisa jeki ya kuingizia. Vitufe viwili vilikwaruza kwa vumbi la stoo alikohifadhi, na vumbi hilo hutoka kwa dawa ya kusafishia.

Kisha pedali. Chaneli safi, toni zote katikati, tundu la ishara kubwa, sauti hadi dramu iwe imefunikwa kidogo. Kijana akapiga kwa mkono mzito kwenye nyuzi tatu nene bila pedali. Safi. Akawasha SD-1, geini (kitufe cha kiasi cha mkwaruzo) chini, sauti juu kabisa, ili isukume mlango wa ampu. Hapo ndipo ukweli ulipo. Tulihamia tundu la ishara ndogo na mkwaruzo mkavu ukaanza kwenye noti nzito. Tukarudi kwenye lile la ishara kubwa, ukatoweka. Nilimwona anacheka mwenyewe. DS-1 ilikuwa kali mwanzoni, nikamwambia ashushe toni yake hadi robo na apunguze sauti za juu kwenye ampu kidogo tu, kwa sababu zile za ampu zinaigusa pia sauti safi ambayo hataki iwe nzito. Dilei ikakaa vizuri bila shida. Korasi nayo, ingawa kwa spika moja haina ule upana wa JC-120, na nilimwambia wazi kwamba hataupata.

Mpiga dramu, ambaye hakuwa na upande wowote, alisema ndiyo mara ya kwanza anasikia solo wakati anapiga kwa nguvu zake zote.

Majadiliano ya bei yalikuwa mafupi. "Kaka, vitufe vinakwaruza, na spika ya nje hujatuuzia," kijana alisema. Wakapatana 680,000. Pesa iliyobaki ilikwenda kwenye dawa ya kusafishia vitufe, waya mbili imara za gitaa, na kifaa cha kulinda umeme kinachochelewesha kuwaka baada ya umeme kurudi. Ampu za transista huvumilia umeme unaoshuka. Kinachozidhuru ni ule mshtuko wa kurudi. Hata akiwa na kifaa hicho, umeme ukikatika ukumbini anazima swichi ya ampu kwanza. Nilifungua plagi na kukuta fyuzi ya ampea 13, ambayo ni ya pasi na birika. Nikaweka ya ampea 3. Fyuzi ya ndani ilikuwa ya thamani iliyoandikwa kwenye bodi, si waya wala karatasi ya sigara, nami nikaiacha.

Tumeshaisikiliza kwenye sherehe ya Jumamosi, Moshi mjini. Ampu ilikuwa juu ya kiti, imeinuliwa kidogo ili spika imwelekee mpigaji kifuani badala ya miguuni, na nyuma yake pamebaki nafasi ya hewa kwa ajili ya chuma cha kupoozea transista. Kijana aliweka sauti chini ya alivyozoea na bado alisikika. Fundi mitambo aliomba kuisaidia kwa maikrofoni moja mbele ya spika, pembeni ya katikati ya koni, na hapo ndipo distosheni ilipopata sauti niliyotaka aisikie tangu siku ile kwenye mikisa ya kanisa.

Sasa anataka spika ya pili. Kuna mtu amempa ofa ya boksi la omu 4 kwa bei ya kutupa, na nimemkataza. Omu 8 za ndani zikiunganishwa na omu 4 za nje zinatoa omu 2.7 hivi, chini ya 4 ambazo ampu imeandikiwa, na transista za mwisho zitabeba mkondo usio wao hadi ziungue katikati ya wimbo. Boksi la omu 8, spika ya gitaa ya inchi 12, lenye uwezo wa wati 60 au zaidi: hilo akilipata, hata likiwa la Arusha, nitampelekea mwenyewe.